Rweya katika Ramani: Ramani za Kale za Topografia kama Chanzo cha Historia ya Ardhi Vijijini Bukoba na Muleba

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna ramani za kale za topografia zinavyoweza kutumika kama chanzo cha historia ya ardhi katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Ramani zinazojadiliwa ni za tabaka tatu: michoro ya wasafiri wa karne ya 19, ramani za Kijerumani za skeli ya 1:300,000, na ramani za skeli ya 1:50,000 zilizotokana na picha za anga baada ya mwaka 1946. Hoja kuu ni kwamba mpaka kati ya kibanja na rweya ni matokeo ya kazi ya watu zaidi kuliko maumbile. Kwa hiyo, eneo lililoachwa tupu katika ramani halipaswi kuchukuliwa kuwa ardhi isiyo na historia wala wenyewe. Insha inapendekeza utaratibu wa kusoma majina, njia, nyumba na ufuko, inabainisha mambo ambayo ramani haiwezi kuyasema, na inahusisha usomaji huo na utata uliomo katika sheria za ardhi za mwaka 1999.

1.0 Utangulizi

Historia ya Buhaya imeandikwa kwa kutegemea vyanzo vikuu vitatu: masimulizi ya koo na falme, nyaraka za utawala na za misheni, na akiolojia. Kila chanzo kimezaa matunda. Masimulizi yalimwezesha F. X. Lwamgira kuandika habari za Kiziba na wafalme wake; nyaraka na mahojiano viliwawezesha Cory na Hartnoll (1945) kukusanya sheria za mila za Wahaya; na akiolojia ilimwezesha Schmidt (1978) kuonyesha kuwa ufuaji wa chuma katika maeneo ya Katuruka, karibu na Maruku, una umri wa takriban miaka 2,000 au zaidi. Ramani, hata hivyo, zimetumika zaidi kama pambo la kazi hizo. Huwekwa katika kurasa za mwanzo ili msomaji ajue mahali palipo, kisha hazitajwi tena.

Insha hii inaichukulia ramani kuwa hati kama hati nyingine za kihistoria: ina mwandishi, ina kusudi, ina tarehe, na ina mambo iliyoyanyamazia. Msimamo huu unatokana na Harley (1989), aliyesisitiza kuwa ramani ni zao la mamlaka na la jamii inayoichora. Hata hivyo, insha haikubaliani na wale wanaoishia katika kuikosoa ramani. Mpimaji aliyetumwa na serikali ya kikoloni alikuwa na malengo ya mwajiri wake, lakini pia alichora njia aliyoipita, kijito alichokivuka na nyumba alizoziona. Kazi ya mwanahistoria ni kuvitenganisha viwili hivyo.

Suala lenyewe halina umuhimu wa kitaaluma pekee. Katika Bukoba na Muleba, sehemu kubwa ya ardhi inayogombaniwa leo ni rweya, yaani uwanda wa nyasi ulio nje ya migomba. Anayeitaka ardhi hiyo husema ilikuwa tupu, na anayeitetea husema ilikuwa ya wazee wake. Ramani ya kale huweza kuletwa kuwa shahidi katika ugomvi huo, na shahidi asiyejulikana tabia yake ni wa hatari kwa pande zote mbili.

2.0 Kibanja na Rweya: Mandhari Iliyojengwa na Watu

Ardhi ya Bukoba na Muleba imepangika katika miinuko mirefu ya mawe ya mchanga inayoelekea kaskazini na kusini, takriban sambamba na ufuko wa Ziwa Viktoria. Kati ya miinuko hiyo kuna mabonde, na kubwa zaidi ni la Mto Ngono, unaotiririka kuelekea kaskazini hadi kuungana na Mto Kagera. Mvua ni nyingi sana karibu na ziwa na hupungua kadiri mtu anavyokwenda magharibi. Juu ya mandhari hiyo, makazi hayakusambaa sawasawa. Yamekusanyika katika vijiji vya migomba vinavyofanana na visiwa vya kijani, na vijiji hivyo vimezungukwa na rweya.

Mgeni anayeitazama mandhari hiyo hudhani kuwa migomba imestawi pale ambapo udongo ulikuwa mzuri tangu awali, na kwamba nyasi zimebaki pale ambapo udongo ni duni. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, alilichunguza jambo hili na kuchapisha matokeo yake mwaka 1938. Alieleza kuwa rutuba ya kibanja na ufukara wa rweya vinaweza kukutana juu ya udongo wa asili moja, uliochujwa sana na mvua. Kilichovitofautisha ni kazi ya vizazi vingi. Samadi ya ng'ombe, majani ya migomba, majivu, takataka za nyumbani na nyasi zilizokatwa rweya vilipelekwa kibanjani mwaka baada ya mwaka. Ng'ombe walilishwa rweya mchana na kulala nyumbani usiku, nao wakawa wachukuzi wa rutuba kutoka sehemu moja kwenda nyingine.

Maelezo hayo yana matokeo mawili kwa msomaji wa ramani. Kwanza, ukingo wa kibanja ni mpaka wa kihistoria: unaonyesha mahali ambapo kazi ya kurutubisha udongo ilifika na kusimama. Pili, rweya ni sehemu ya uchumi wa kibanja. Bila nyasi za kutandaza shambani, za kuezekea msonge na za kulishia mifugo, kibanja hakiwezi kudumu. Aidha, katika rweya wanawake walilima omusiri, yaani mashamba ya muda ya njugu mawe na mazao mengine ya msimu, ambayo baadaye yaliachwa yapumzike kwa miaka kadhaa. Ardhi iliyopumzishwa huonekana kama nyasi za kawaida kwa mtu asiyeijua.

Uhusiano huu uliweza pia kuvunjika. Tauni ya ng'ombe iliyoenea Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliua mifugo mingi, na kupungua kwa mifugo kulimaanisha kupungua kwa samadi. Kibanja kisichopata samadi hudhoofika, na kikiachwa, nyasi hurudi. Hivyo, ndani ya rweya inayoonekana leo huweza kufichika mahame, yaani mahali palipokuwa na makazi yakahamwa.

3.0 Tabaka Tatu za Ramani

3.1 Ramani za wasafiri

Tabaka la kwanza ni la wasafiri wa Kizungu wa nusu ya pili ya karne ya 19. John Hanning Speke alipita Karagwe, kwa Mukama Rumanyika, katika miaka ya 1861 na 1862; ujuzi wake kuhusu falme za kando ya ziwa ulitegemea sana yale aliyosimuliwa. Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua mwaka 1875. Katika kisiwa cha Bumbire, ambacho leo kimo katika Wilaya ya Muleba, aligombana na wenyeji, na baada ya miezi michache alirudi kuwashambulia kwa bunduki. Ramani iliyoambatana na kitabu chake cha mwaka 1878 inaonyesha ufuko na visiwa kwa jicho la mtu aliye majini: inajua rasi na ghuba, lakini bara lililo nyuma ya magenge hailijui. Tabaka hili lina thamani ndogo kwa historia ya matumizi ya ardhi. Faida yake ni kuonyesha majina yaliyokuwa yakitumika kabla ya utawala wa kikoloni.

3.2 Ramani za Kijerumani

Tabaka la pili linaanza baada ya Emin Pasha kuanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890. Kazi kubwa ya kipindi hiki ni mfululizo wa ramani za Afrika Mashariki ya Kijerumani za skeli ya 1:300,000, uliochapishwa Berlin na kampuni ya Dietrich Reimer. Mfululizo huo ulianzishwa chini ya Richard Kiepert, ukaendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel. Wachoraji hao walikuwa Berlin. Walikusanya madaftari ya maofisa, wamisionari na wanasayansi waliosafiri wakiwa na dira na saa, wakiandika mwelekeo na muda wa mwendo, kisha wakayageuza kuwa mistari. Tume ya mpaka wa Waingereza na Wajerumani ya miaka ya 1902 hadi 1904, iliyopima mstari wa latitudo ya digrii 1 kusini, iliongeza vipimo vya uhakika zaidi upande wa kaskazini.

Ramani ya namna hii ni nzito kando ya njia na nyepesi mbali nayo. Palipopita msafara pana majina, vijito na vilima. Pasipopita mtu pana weupe. Weupe huo unapima ufinyu wa safari za Wazungu, na hauwezi kutumiwa kupima uchache wa watu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walizichapa upya ramani za Kijerumani kwa matumizi ya kijeshi, na hivyo mapengo yake yakarithiwa na utawala uliofuata.

3.3 Ramani za skeli ya 1:50,000

Tabaka la tatu lilitokana na kuundwa kwa Kurugenzi ya Upimaji wa Makoloni nchini Uingereza mwaka 1946. Kurugenzi hiyo, kwa kushirikiana na idara ya upimaji ya Tanganyika, ilitumia picha za anga na vituo vya upimaji wa pembetatu kuchora ramani za skeli ya 1:50,000. Kwa mara ya kwanza nyumba, vijia, vijito, vinamasi na mistari ya kontua viliwekwa pamoja katika karatasi moja kwa usahihi unaoweza kulinganishwa na hali ya leo.

Tofauti ya skeli inaeleza mengi. Hekta moja ya kibanja, ikiwa mraba wenye upande wa mita 100, huchukua milimita 2 kwa 2 katika ramani ya 1:50,000. Katika ramani ya 1:300,000 upande huohuo ni theluthi moja ya milimita, yaani nukta isiyoweza kuchorwa. Mtafiti asitafute kibanja katika ramani ya Kijerumani. Atafute njia, makao ya watawala na majina. Kibanja atakipata katika tabaka la tatu tu.

4.0 Utaratibu wa Kusoma

4.1 Majina

Majina ya mahali yalipitia vinywa viwili kabla ya kufika katika karatasi. Misafara ya pwani ilizoea kuyapa maeneo ya bara kiambishi cha Kiswahili u- badala ya bu-. Ndivyo Buganda ilivyokuwa Uganda na Bunyoro ikawa Unyoro. Kisha mwandishi wa Kijerumani aliandika kwa tahajia ya lugha yake. Sauti ambayo leo huandikwa kwa y huweza kuwa j, na z huweza kuwa s. Anayetafuta Kiziba au Kyamtwara hana budi kujaribu maumbo kadhaa kabla ya kuamua kuwa jina halimo.

Aidha, ramani za Kijerumani mara nyingi zilikiita kijiji kwa jina la mkuu wake. Katika Buhaya jambo hili linahitaji uangalifu, kwa kuwa Mukama mpya aliweza kujenga kikale chake mahali pengine. Jina linalotoweka kati ya ramani mbili huenda likamaanisha kufa au kuhama kwa mtawala, wala kijiji chenyewe kisiwe kimetoweka.

4.2 Nyumba

Katika makazi ya jadi ya Kihaya nyumba hujengwa ndani ya kibanja, katikati ya migomba na mibuni. Kwa sababu hiyo, mkusanyiko wa alama za nyumba katika ramani ya 1:50,000 huchora umbo la ekyaro, yaani kijiji, hata pale ambapo alama za mazao hazikuwekwa. Umbo hilo likilinganishwa na picha za setelaiti za sasa, huonyesha ni wapi vibanja vimeingia rweya na ni wapi havikuingia. Ulinganisho huo ufanywe baada ya kuoanisha ramani na viwianishi vya sasa kwa kutumia alama zisizohama, kama vile makutano ya vijito, vilele vya vilima na makanisa ya zamani. Misheni ya Kashozi, iliyoanzishwa mwaka 1892, ni alama ya aina hiyo.

4.3 Njia

Vijia ndivyo ushahidi wenye manufaa zaidi kuhusu rweya. Njia inayounganisha vijiji viwili hujieleza yenyewe. Njia inayotoka kijijini, ikaingia katika nyasi na kukoma bila kufika kwenye nyumba yoyote, inadai maelezo. Huenda iliishia kwenye chemchemi, machungani, mahali pa kukatia nyasi, kwenye emisiri, au mahali pa tambiko. Ramani haitasema ni ipi kati ya hizo. Lakini inathibitisha kwamba watu walipita hapo mara nyingi kiasi cha kuacha alama iliyoonekana kutoka angani. Mstari mmoja mwembamba wa nukta unatosha kukanusha dai kwamba mahali hapo hapakutumika.

4.4 Ufuko

Kati ya mwaka 1961 na 1964 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda kwa zaidi ya mita 2. Karatasi iliyochorwa kutokana na picha zilizopigwa kabla ya hapo ina ufuko tofauti na ule uliofuata. Katika ghuba na midomo ya mito yenye mwinuko mdogo, tofauti hiyo ni ardhi halisi: mashamba ya ukingoni, mialo ya wavuvi na njia za pwani. Mtafiti anayepima mabadiliko ya makazi ya ufukweni bila kuzingatia jambo hili anaweza kuwalaumu watu kwa kazi iliyofanywa na maji.

5.0 Yale Ambayo Ramani Haisemi

Mapungufu ya chanzo hiki ni makubwa, na manne yanastahili kutajwa. La kwanza ni umiliki. Mfumo wa nyarubanja, ambamo mtwarwa aliishi katika kibanja na kumlipa mtwazi, ulitawala sehemu kubwa ya mahusiano ya ardhi hadi ulipofutwa kwa sheria za mwaka 1965 na 1968. Katika ramani, kibanja cha mtwarwa na kibanja cha mtu huru ni nukta mbili zinazofanana. Historia ya dhuluma na ya ukombozi wa watwarwa haiwezi kupatikana kwa kutazama karatasi.

La pili ni kazi ya wanawake. Omusiri ni shamba dogo, la muda, lisilo na nyumba wala uzio. Picha za anga hupigwa aghalabu wakati wa kiangazi, anga linapokuwa wazi, na kwa hiyo mazao ya msimu huenda yalikwisha kuvunwa. Mpimaji aliyepewa orodha ya alama za mazao ya kudumu hakuwa na alama ya omusiri. Hivyo kahawa, zao la fedha lililosimamiwa na wanaume, liliwekwa katika eneo lenye alama, na njugu mawe za wanawake zikaangukia katika weupe.

La tatu ni wakati. Kati ya siku ya kupiga picha, ukaguzi wa uwandani na uchapaji huweza kupita miaka. Tarehe inayopaswa kutumika katika hoja ni ile ya picha, ambayo aghalabu huandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa karatasi.

La nne ni mipaka ya vijiji. Vijiji vya leo viliandikishwa chini ya sheria ya mwaka 1975. Katika maeneo mengi ya Bukoba na Muleba, ambako watu walikuwa tayari wamesongamana katika mazao ya kudumu, uandikishaji haukufuatana na uhamishaji mkubwa kama ule wa mikoa mingine. Hata hivyo, ulichora mipaka mipya juu ya rweya ambayo awali ilitumiwa na zaidi ya ekyaro kimoja. Ramani zilizotangulia mwaka huo haziwezi kutumiwa kuthibitisha mipaka hiyo.

Mapungufu hayo hayazibwi na ramani nyingine. Yanazibwa na wazee. Njia inayofaa ni kuipeleka karatasi ya ramani uwandani, kutembea juu ya vijia vilivyochorwa, na kuuliza katika kila kimoja kiliishia wapi na nani alikitumia. Mimea ya mipaka, hasa omulamula, huweza kudumu baada ya nyumba kuanguka na migomba kufa, na hivyo husaidia kutambua mahame. Ushahidi wa masimulizi unaopatikana kwa njia hii una ubora wa pekee, kwa kuwa swali linaulizwa mahali penyewe na jibu linaweza kulinganishwa na hati iliyochorwa kabla ya ugomvi wa sasa kuanza.

6.0 Rweya, Ramani na Sheria

Umuhimu wa usomaji huu unadhihirika katika sheria. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, katika kufasili ardhi ya jumla, inajumuisha pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo haina maneno hayo katika fasili yake. Tofauti hiyo imejadiliwa sana na wanasheria, kwa sababu ardhi ya kijiji iko chini ya kijiji, ilhali ardhi ya jumla iko chini ya Kamishna wa Ardhi na inaweza kugawiwa kwa wengine.

Katika Bukoba na Muleba, swali la kisheria la kutokaliwa na kutotumika linaiangukia rweya moja kwa moja. Rweya haikaliwi, hiyo ndiyo maana yake. Je, haitumiki? Ramani ikisomwa kijuujuu itajibu kuwa haitumiki: hakuna nyumba, hakuna alama ya zao. Ikisomwa kwa utaratibu uliopendekezwa hapa itajibu vingine: vijia vinaingia, majina ya vilima na vijito yapo, na vibanja vilivyo kando yake visingekuwepo bila nyasi zake. Ugunduzi wa Milne unaipa hoja hiyo msingi wa kisayansi, kwa kuwa rutuba inayoonekana kibanjani ni rweya iliyohamishwa.

Hata hivyo, hoja hii isigeuzwe kuwa dai kwamba kila rweya ilikuwa ya kila mtu, au kwamba haikuwahi kubadilika. Vibanja vipya vimefunguliwa humo katika vipindi mbalimbali, na sehemu nyingine zimepandwa misonobari na mikaratusi, wakati mwingine na wanakijiji wenyewe. Anayepanda miti ya miaka mingi katika mahali pa omusiri hubadilisha haki ya msimu kuwa haki ya kudumu, na mara nyingi anayepoteza ni mwanamke ambaye shamba lake halikuwahi kuchorwa. Ramani ya kale haiwezi kumrudishia shamba hilo. Inaweza tu kumzuia mwingine asiseme kuwa hapakuwa na kitu.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kuwa ramani za kale za topografia ni chanzo halali cha historia ya Bukoba na Muleba, mradi zisomwe kwa kufuata tabaka zake. Ramani za wasafiri hufaa kwa majina. Ramani za Kijerumani hufaa kwa njia na makao ya watawala. Ramani za 1:50,000 hufaa kwa makazi na matumizi ya ardhi. Katika tabaka zote, weupe una maana tofauti: katika ya kwanza ni upeo wa macho ya mtu aliye majini, katika ya pili ni mahali ambapo msafara haukupita, na katika ya tatu ni matumizi yaliyokosa alama katika ufunguo wa ramani.

Matokeo haya yanaelekeza kazi mbili kwa watafiti wajao. Ya kwanza ni kukusanya kwa pamoja, kijiji kwa kijiji, karatasi za 1:50,000, picha za anga zilizozizaa na masimulizi ya wazee, wakiwemo wanawake waliolima emisiri, kabla kizazi hicho hakijaondoka. Ya pili ni kuhakikisha kuwa mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji inaitambua rweya kwa jina lake na kwa kazi zake. Eneo ambalo mpangaji anaandika kuwa wazi lilikwisha kuwa na majina, njia na watumiaji kabla ya mpimaji wa kwanza kufika.